Sumu Iliyouzwa kwa Lita: Miaka 100 ya Risasi Ndani ya Petroli

Yeyote aliyezaliwa Nairobi, Dar es Salaam au Kampala kabla ya mwaka 2006, akakulia jirani na barabara kuu, amevuta risasi. Nasema madini ya risasi, yale mazito ya kijivu yaliyomo ndani ya betri ya gari. Yalichanganywa kwenye petroli kwa makusudi, yakatoka kwenye ekzosi yakiwa chembechembe zisizoonekana kwa macho, yakatua juu ya mahindi ya kuchoma, juu ya sukuma wiki iliyopandwa kando ya lami, juu ya vidole vya mtoto anayecheza kwenye vumbi. Mwenye gari aliinunua petroli hiyo kwa bei halali, kwenye sheli yenye leseni, na hakuna aliyemwambia kitu.

Petroli ya aina hiyo ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1923. Nchi ya mwisho kuiacha ilikuwa Algeria, Julai 2021. Historia ya uchafuzi wa hewa ina mengi ya kusimulia: ukungu wa makaa ya mawe ulioua maelfu ya watu London mwaka 1952, moshi wa kuni unaowadhuru mama zetu jikoni hadi leo. Nimechagua risasi kwa sababu ubaya wake ulijulikana kabla lita ya kwanza haijauzwa. Wagiriki na Warumi wa kale walijua kwamba inadhuru. Madaktari wa Ulaya waliokuwa wakitibu wapaka rangi na wachimbaji walijua. Ikawaje basi ikaruhusiwa kusambaa dunia nzima na kudumu karibu karne? Jibu langu ni kwamba muuzaji hakutakiwa kuthibitisha kuwa bidhaa yake ni salama. Aliyeivuta ndiye aliyetakiwa kuthibitisha kuwa ameumia.

Injini iliyokuwa ikigonga

Mafundi wa magari wanaijua sauti hiyo. Gari limebeba mzigo, linapanda mlima, dereva anakanyaga mafuta, na injini inaanza kugonga. Ndani ya silinda, sehemu ya mchanganyiko wa petroli na hewa inalipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Nguvu inapotea, na pistoni zinaweza kuharibika. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kampuni za magari za Marekani zilitaka injini zenye nguvu zaidi zisizokula mafuta mengi, na kugonga huko ndiko kulikokuwa kikwazo.

Huko Dayton, jimbo la Ohio, maabara ya General Motors chini ya Charles Kettering ilimpa kazi hiyo mhandisi kijana aitwaye Thomas Midgley. Alijaribu vitu vingi. Pombe ya ethanoli ilifanya kazi vizuri, naye mwenyewe aliliandika jambo hilo. Lakini ethanoli hutengenezwa kwa mahindi au miwa, na mkulima yeyote mwenye mtambo angeweza kuipika. Hakuna kampuni ambayo ingeweza kuimiliki. Tarehe 9 Desemba 1921 Midgley alitia ndani ya injini kiasi kidogo cha tetraethili ya risasi, kimiminika ambacho wanakemia wa Ujerumani walikijua tangu karne ya 19. Kugonga kulikoma papo hapo. Matumizi hayo yangeweza kupewa hataza, na kila lita iliyouzwa ingemlipa mwenye hataza.

Kulikuwa na tatizo moja. Risasi ilibaki ndani ya injini na kuchafua plagi na valvu. Watafiti wakaongeza kemikali yenye bromini, ambayo huungana na risasi na kuigeuza mvuke ili itoke kwenye ekzosi pamoja na moshi. Yaani injini ililindwa kwa kuitoa risasi nje, na huko nje ndiko watu wanakopumulia. Kila nikisoma sehemu hii ya historia nasita kidogo. Katika hesabu zote zilizofanywa kwenye maabara ile, hewa ya barabarani ilihesabiwa kuwa mahali pa kutupia.

Petroli ya kwanza yenye risasi iliuzwa Dayton tarehe 2 Februari 1923. Iliitwa Ethyl. Neno risasi halikuwekwa kwenye jina wala kwenye matangazo. Mwaka uliofuata General Motors na Standard Oil ya New Jersey ziliunda kampuni ya pamoja ya kuiuza.

Gesi ya wendawazimu

Waliotangulia kufa ni wafanyakazi. Oktoba 1924, kwenye kiwanda cha Standard Oil huko Bayway, New Jersey, wanaume waliokuwa wakitengeneza tetraethili walianza kuona vitu visivyokuwepo. Wengine walipiga kelele kwamba wanafukuzwa, wengine walifungwa kwa nguvu ili wasijidhuru. Katika siku chache watano walikufa, na zaidi ya 30 walilazwa hospitali. Wenzao walikuwa wameshaupa mvuke huo jina, gesi ya wendawazimu. Kwenye kiwanda kingine, cha DuPont, jengo la kazi hiyo liliitwa nyumba ya vipepeo, kwa kuwa mtu alikuwa akisimama ghafla katikati ya kazi na kuanza kukamata wadudu hewani, wadudu ambao hakuna mwingine aliyewaona.

Magazeti ya New York yalipoanza kuuliza maswali, Midgley aliitisha mkutano na waandishi tarehe 30 Oktoba. Mbele yao alimimina tetraethili mikononi, akanawa nayo, kisha akaweka chupa puani na kuvuta mvuke wake kwa dakika nzima. Alisema angeweza kufanya hivyo kila siku bila kudhurika. Hakuwaambia waandishi kwamba mwaka uliotangulia yeye mwenyewe alikuwa ameugua kwa sumu hiyo na kwenda Florida kupumzika mpaka apate nafuu.

Jiji la New York na sehemu nyingine zilipiga marufuku uuzaji kwa muda. Mei 20, 1925, Mkuu wa Afya ya Umma wa Marekani, Hugh Cumming, aliita mkutano mjini Washington. Ulikuwa wa siku moja tu. Frank Howard, akizungumza kwa niaba ya kampuni ya Ethyl, aliifananisha bidhaa hiyo na zawadi ya Mungu. Upande wa pili walikaa Yandell Henderson wa Chuo Kikuu cha Yale na Alice Hamilton, daktari aliyekuwa mwanamke wa kwanza kufundisha Harvard na aliyejua magonjwa ya viwandani kuliko mtu yeyote nchini mwake. Henderson alionya kwamba madhara yatakuja polepole mno, kiasi kwamba petroli hiyo itakuwa imeenea kila mahali kabla umma na serikali hawajashtuka. Hakukosea hata kidogo.

Iliundwa kamati. Ikapima madereva na wafanyakazi wa gereji 252, kwa miezi michache, na mwanzoni mwa 1926 ikaripoti kwamba haikuona sababu za kutosha za kuipiga marufuku. Ila iliongeza kwamba uchunguzi lazima uendelee kwa fedha za serikali, maana miezi michache haitoshi kuonyesha sumu inayojikusanya mwilini kwa miaka. Serikali haikutoa fedha hizo. Uchunguzi ukaachiwa wenye bidhaa.

Daktari wa kampuni na mwanajiokemia

Kwa karibu miaka 40 iliyofuata, mtu aliyesikilizwa kuliko wote juu ya risasi alikuwa Robert Kehoe, daktari wa kampuni ya Ethyl aliyeongoza maabara katika Chuo Kikuu cha Cincinnati iliyolipiwa na kampuni hizo hizo. Hoja yake ilikuwa rahisi: risasi ni kitu cha asili, binadamu wote wanayo mwilini, mwili huitoa, na hakuna hatari mpaka damu ifikie mikrogramu 80 kwa desilita. Anayedai vinginevyo alete ushahidi.

Ili kuonyesha kwamba risasi ni ya asili, Kehoe alikwenda kupima wakulima wa kijiji cha mbali nchini Meksiko, mahali pasipo na magari. Akakuta risasi mwilini mwao, akatangaza kwamba hicho ndicho kiwango cha kawaida cha binadamu. Lakini wanakijiji wale walikuwa wakila kwenye vyungu na sahani za udongo zilizopakwa rangi ya kung'aa yenye risasi. Alikuwa amepima vyombo vyao vya chakula. Sayansi ya nchi tajiri kuliko zote ilisimama juu ya sahani hizo kwa miongo kadhaa, na hakukuwa na maabara nyingine yenye fedha na vifaa vya kuiuliza maswali.

Aliyekuja kuiangusha hakuwa daktari, na hakuanza kwa kutafuta sumu. Clair Patterson alikuwa mwanajiokemia aliyetaka kujua umri wa dunia. Njia yake ilikuwa kupima aina za risasi ndani ya mawe ya kimondo, kwa kuwa urani ikioza huishia kuwa risasi, na uwiano wake unaonyesha muda uliopita. Tatizo ni kwamba kila alipopima, alikuta risasi nyingi kupita kiasi. Ilikuwa kwenye vumbi la meza, kwenye rangi ya ukuta, kwenye maji ya bomba, kwenye nywele zake mwenyewe. Ilimchukua miaka kujenga maabara safi huko California. Hewa ilichujwa kabla ya kuingia, sakafu ilipigwa deki mara kwa mara, vyombo vilichemshwa kwa asidi, na hakuna aliyeingia na nguo alizokuja nazo kutoka mtaani. Kwa maabara hiyo alipata jibu ambalo bado linakubalika, kwamba dunia ina umri wa miaka bilioni 4.55. Alilichapisha mwaka 1956.

Mwingine angepumzika hapo. Patterson alibaki na swali: risasi yote ile iliyomsumbua ilitoka wapi? Akapima maji ya bahari, akakuta ya juu yana risasi nyingi kuliko ya kina kirefu, ishara kwamba imeingia karibuni na kutoka hewani. Akaenda kuchimba theluji ya kale huko Greenland na Antaktika, ambako kila mwaka huacha tabaka lake. Kwenye tabaka za Greenland risasi ilipanda wakati wa viwanda, kisha ikaruka juu kabisa baada ya petroli ya Ethyl kuenea. Mwaka 1965 aliandika kwamba Mmarekani wa kawaida anabeba mwilini risasi karibu mara 100 ya kiwango cha asili. Kehoe alikuwa amelinganisha watu waliochafuliwa na watu wengine waliochafuliwa, akasema wote wako sawa.

Taasisi ya mafuta iliyokuwa ikifadhili utafiti wa Patterson ilikatisha fedha. Mwaka 1971 baraza la taifa la utafiti lilipounda jopo la kuchunguza risasi iliyoko hewani, mtu aliyeijua kuliko wote hakualikwa. Aliendelea kupima.

Meno ya watoto

Ilibaki kujua madhara kwa watoto ambao hawaonekani wagonjwa. Daktari Herbert Needleman alipata wazo ambalo mama yeyote angelielewa. Risasi hujificha kwenye mifupa na meno, kwa hiyo meno ya utotoni yanapong'oka yana kumbukumbu ya yote ambayo mtoto amevuta na kula tangu kuzaliwa. Katika miji ya Chelsea na Somerville, karibu na Boston, aliwaomba watoto wa madarasa ya chini wampe meno yao, akakusanya kutoka kwa zaidi ya watoto 2,000. Walimu nao walijaza fomu juu ya kila mtoto: je, anafuata maelekezo, anamaliza kazi aliyoianza, anatulia darasani? Hawakujua jino la nani lina kiasi gani.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1979. Watoto wenye risasi nyingi kwenye meno walipata alama ndogo zaidi kwenye vipimo vya akili. Na katika fomu za walimu, kadiri risasi ilivyopanda ndivyo utulivu ulivyoshuka, hatua kwa hatua, bila mahali ambapo ungeweza kusema kuanzia hapa kushuka chini hakuna tatizo. Watoto hao hawakuwa wamelazwa popote. Walikuwa watoto wa shule wa kawaida, ambao mwalimu angesema wazito wa kuelewa na mzazi angesema watundu.

Leo sababu yake inaeleweka. Mwili huidhania risasi kuwa kalsiamu, ukaipokea na kuipeleka mahali kalsiamu inapotakiwa: kwenye mifupa, na kwenye ubongo ambako seli hutumia kalsiamu kupelekeana taarifa. Mtu mzima akimeza risasi, sehemu kubwa hupita na kutoka. Mtoto mdogo anaweza kufyonza hadi nusu yake, zaidi akiwa na njaa au upungufu wa madini ya chuma. Kwenye damu hukaa wiki kadhaa, kwenye mifupa hukaa miongo. Mwanamke aliyevuta hewa hiyo utotoni akipata mimba, mifupa yake huachia kalsiamu kwa ajili ya mtoto, na risasi hutoka nayo na kuvuka kondo la nyuma. Kwa watu wazima hupandisha shinikizo la damu na kuharibu figo na mishipa, hivyo wengi waliouawa na risasi vyeti vyao vya kifo vimeandikwa ugonjwa wa moyo au kiharusi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Marekani, ambako Kehoe alizungumzia 80, sasa daktari anaanza kufuatilia mtoto akifikisha 3.5.

Needleman naye hakuachwa. Mwaka 1991 wataalamu waliowahi kulipwa na viwanda vya risasi walimshtaki kwa kuvuruga takwimu. Alichunguzwa, akahojiwa hadharani, akakutwa hana hatia ya udanganyifu. Utafiti wa nchi nyingine ulithibitisha aliyoyasema.

Hata hivyo kilichoanza kuiondoa risasi kwenye petroli ya Marekani hakikuwa huruma kwa watoto. Sheria ya hewa safi ya 1970 ililazimisha magari yapunguze sana moshi mchafu, na kuanzia magari ya 1975 kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi kikaenea. Ndani yake kuna platini, na risasi huiua platini hiyo. Kampuni za magari, zilizoileta risasi, sasa zilihitaji petroli isiyo nayo. Kati ya 1976 na 1980 kiasi cha risasi kwenye petroli kilipungua, na risasi kwenye damu ya Wamarekani ikashuka pamoja nayo kwa asilimia 37. Michoro hiyo miwili ilipowekwa pamoja, mistari yake ilifuatana. Hapo ubishi ukaishiwa nguvu. Mwaka 1996 Marekani ikaipiga marufuku kabisa kwa magari ya barabarani.

Watafiti wamekadiria, mwaka 2022, kwamba petroli hiyo iliwaibia Wamarekani waliokuwa hai mwaka 2015 jumla ya alama milioni 824 za vipimo vya akili. Sijaona hesabu kama hiyo iliyofanywa kwa Nairobi, Kinshasa au Lagos. Ninaitamani ifanywe.

Soko la mwisho

Nchi tajiri zilipokuwa zinafunga mlango, tetraethili ilitafuta wanunuzi kwingine. Iliendelea kutengenezwa Ellesmere Port, Uingereza, wakati Waingereza wenyewe hawaruhusiwi tena kuiweka kwenye magari yao ya kawaida tangu Januari 2000. Mwaka 2010 kampuni iliyoitengeneza, Innospec, ilikiri mahakamani kutoa rushwa kwa maofisa wa Indonesia ili nchi hiyo ichelewe kuiacha, na rushwa nyingine Iraq. Serikali za nchi maskini hushutumiwa sana kwa uzembe wa mazingira, mara nyingi kwa haki. Lakini katika jambo hili kulikuwa na mtu upande wa pili wa meza anayelipa ili uzembe uendelee.

Afrika kusini mwa Sahara ilikuwa karibu yote bado inatumia petroli yenye risasi mwaka 2001, na katika baadhi ya nchi kiwango kilizidi nusu gramu kwa lita. Sababu ya kwanza ilikuwa mitambo. Viwanda vya kusafisha mafuta vya miaka ya 1960, kama kile cha Changamwe, Mombasa, vilijengwa kwa teknolojia ya zama zao, na njia nafuu ya kupandisha ubora wa petroli ilikuwa kuimwagia risasi. Sababu ya pili ilikuwa hofu. Wenye Peugeot na Datsun za zamani waliambiwa valvu zitaliwa, kwa kuwa risasi ilikuwa inazilainishia kiti chake. Uzoefu wa nchi zilizotangulia ulionyesha kwamba kwa mwendo wa kawaida madhara hayo ni nadra, lakini uzoefu huo haukuwa umefika gereji.

Na gereji ndiko walikokuwa watu walioigusa sumu hiyo kwa karibu zaidi. Pale Gerezani, Dar es Salaam, au Grogan, Nairobi, fundi akimaliza kazi hunawa mikono kwa petroli ili grisi itoke. Akitaka kuhamisha mafuta hutia mpira kwenye tangi, akanyonya, akatema, akaendelea. Tetraethili hupenya ngozi. Kiasi chake ndani ya petroli ya sheli kilikuwa kidogo sana kuliko kile cha chupa ya Midgley, lakini Midgley alinawa mara moja mbele ya waandishi, na fundi wetu alinawa kila jioni kwa miaka yake yote ya kazi. Vijana wanaojifunza ufundi walikaa kwenye hewa hiyo tangu wakiwa na umri wa shule. Hakuna mahali ambapo petroli hiyo ilipaswa kubandikwa onyo kuliko pale, na onyo halikubandikwa.

Juni 2001 wajumbe wa nchi za kusini mwa Sahara walikutana Dakar, Senegal, wakaafikiana kuiondoa risasi ifikapo mwisho wa 2005. Mwaka uliofuata, kwenye mkutano wa dunia wa Johannesburg, serikali, mashirika na kampuni za mafuta na magari ziliunda ushirika wa mafuta safi, na kazi ya kuuendesha ikapewa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Gigiri, Nairobi. Kazi yenyewe haikuwa ya kuvutia kamera: semina za wahandisi, barua kwa mashirika ya viwango, majibu kwa waagizaji wa mafuta waliouliza kama matangi ya zamani lazima yaoshwe, maelezo kwa mafundi juu ya zile valvu. Pengine ndiyo maana haikumbukwi.

Tarehe 1 Januari 2006, Afrika yote ya kusini mwa Sahara ilikuwa imeacha kuuza petroli yenye risasi kwa magari. Kutoka tamko la Dakar hadi siku hiyo haikupita miaka mitano. Marekani ilihitaji zaidi ya 20 tangu kanuni zake za kwanza za kupunguza mwaka 1973. Bara ambalo husemwa haliwezi kukubaliana juu ya lolote lilikubaliana, likatekeleza, na Waafrika wengi hawajui kwamba jambo hilo lilitokea. Shuleni tunafundisha tarehe za vita vya wakoloni. Hii nayo inastahili kuwa kwenye kitabu cha mtoto.

Nchi chache zilibaki: Korea Kaskazini, Myanmar na Afghanistan zilikuwa zimeacha kufikia mwaka 2016, kisha zikabaki Iraq, Yemen na Algeria. Tarehe 30 Agosti 2021, Gigiri ikatangaza kwamba sheli za Algeria zimemaliza. Shirika hilo linakadiria kuwa kuiondoa risasi kwenye petroli kunazuia vifo zaidi ya milioni 1.2 vya mapema kila mwaka. Ndege ndogo zenye injini za pistoni bado zinaitumia.

Moshi wa betri

Risasi haiozi. Ile iliyotua kando ya barabara za miji yetu bado iko kwenye udongo wa juu. Na biashara ya risasi yenyewe haijapungua, imehamia kwenye betri za magari, za pikipiki na za sola, ambazo zikifa huyeyushwa ili madini yatumike tena. Huko Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar ile ile ya tamko la 2001, kina mama walikuwa wakichekecha udongo uliojaa mabaki ya betri ili kuuza risasi. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa.

Mwaka 2007 ndio pia kiwanda cha kuyeyusha betri kilipofunguliwa kando ya mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, wenye wakazi wapatao 3,000. Moshi wake uliingia nyumbani, vumbi likatua juu ya mabati ambayo mvua yake watu waliikinga kwa matumizi, na maji machafu yakapita kati ya nyumba. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa kiwandani hapo, mwanawe mchanga aliugua na kukutwa na sumu ya risasi. Aliacha kazi, akaanza kuandaa majirani, akakamatwa, akaendelea. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, naye mwaka uliofuata akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 na kuagiza udongo wao usafishwe. Rufaa ilitengua hukumu hiyo, kisha Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairudisha fidia.

Kesi hiyo ilisimama juu ya Katiba ya 2010. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya. Kifungu cha 70 kinasema anayekwenda mahakamani kuidai haki hiyo hatakiwi kuonyesha kwamba kuna mtu yeyote aliyekwisha kupata hasara au kuumia.